Tumba za faiba kwa bendi inayozunguka pwani na bara, zinafaa kweli au nibaki na mbao?

Kidundo_Tanga

Wakuu habari za muda huu, na wakubwa zangu wote shikamooni. Naomba msaada kwa wanaozijua tumba, wapigaji, mafundi, hata wauzaji mradi useme ukweli.

Bendi yetu makao yake Tanga ila kazi haziko Tanga tu, msimu wa wageni tunapiga hoteli za ufukweni Zanzibar, harusi tunaitwa Dar na Moshi, halafu kuna mteja wetu Dodoma hatuachi shughuli yake hata moja. Sasa tumba zangu ni za mbao, mbili, ya kati na kubwa, na hizi safari zinazimaliza. Masika zikiwa huku pwani ngozi inalegea yaani unapiga slapu (lile pigo kali la kiganja linalokata) haitoki, unakaza unakaza mpaka nati inafika mwisho. Ukifika Dodoma mwezi wa saba kale kaupepo kakavu ngozi imejikaza yenyewe usiku, asubuhi sauti imepanda juu kabisa, na safari iliyopita ile kubwa imeachia kwenye maungio, ukiingiza kichwa ndani unaona mstari wa mwanga toka juu mpaka katikati.

Kuna jamaa anauza jozi ya faiba, za mtumba zimetoka nje, nyeusi, nimeona picha tu. Nataka kujua faiba inavumilia kweli hizi hali zote au ni maneno ya wauzaji, na sauti yake ikoje kwa dansi letu, maana sisi tunapiga rhumba na zilipendwa sana, sitaki kitu kinapiga kelele juu ya waimbaji. Na kama nikienda kuziona niangalie nini? Hela yenyewe ni ya bendi sio yangu peke yangu kwa hiyo sitaki kubahatisha.

Quinto_Kinondoni

Mkuu karibu sana, umeuliza kitu kinanihusu kabisa, nimepiga mbao na faiba zote, dansi na bendi za hotelini.

Kitu cha kwanza ukiweke kichwani kabla hujatoa hela, tumba ina sehemu tatu, kiwiliwili, ngozi na vyuma, na faiba inakutatulia kiwiliwili tu. Mbao inakunywa unyevu wa hewa inavimba, ukiipeleka sehemu kavu inautoa inasinyaa, na kwa sababu tumba ya mbao imeungwa vipande virefu kwa gundi, huko kuvimba na kusinyaa kunaishia kwenye maungio, ndicho kilichotokea kwako Dodoma. Faiba ni nyuzi za kioo zimeshikwa na rezini, haina cha kunywa, kiwiliwili ulichokitoa Tanga ndicho kitakachofika Dodoma, umbo lile lile na mdomo wake uko duara vile vile. Hapo muuzaji hajakudanganya. Lakini ngozi ya ng'ombe ukiiweka juu ya faiba bado ni ngozi ya ng'ombe, masika italegea na kiangazi itakaza, na chumvi ya bahari itakula vyuma vya faiba sawasawa na inavyokula vya mbao. Watu wengi wananunua faiba halafu miezi michache wanalalamika imewasaliti, ukicheki tatizo liko kwenye ngozi au nati zimeganda kwa kutu.

Sauti sasa. Faiba inapiga kali zaidi na inatoka mbele, slapu inakata, sauti ya wazi inasafiri mbali hata maiki ikiwa mbovu. Mbao ina joto na ule uzito wa chini. Ndio maana bendi za salsa za New York miaka ya 70 zilizipenda faiba, pale kuna tarumbeta na tromboni zinavuma, mpiga tumba asiposikika hana kazi. Latin Percussion ya Martin Cohen iliyoanza 1964 ndio ilizitangaza sana, Pearl, Toca na Meinl nao wamezitoa. Kwa dansi letu ni tofauti kidogo, kwenye sehemu ya kuimba nashusha mkono, napiga zaidi kwa kiganja na ncha za vidole, slapu naziweka akiba mpaka chemko (ile sehemu ya mwisho ya kucheza), magitaa yakishaanza kujibizana ndio naifungua. Ukiizoea hivyo haimfuniki mwimbaji hata kidogo. Pia usiikaze kama mtu wa salsa, ishushe. Mimi kubwa naiweka "so" ya chini na ya kati "do", kama unaimbaga kwaya utanielewa haraka, na inakaa vizuri na besi.

Uliza pia vipimo, usinunue kwa picha. Ile ndogo yaani quinto kawaida mdomo ni kama nchi 11, ya kati 11 na robo tatu, kubwa 12 na nusu. Wengine wanauza "jozi" kumbe ni ndogo na ya kati, wewe uliyezoea ya kati na kubwa utalikosa lile zito la chini.

Ukienda kuziona nenda mchana na spana. Namba 13 inaingia kwenye nati nyingi za tumba. Muombe avue ngozi moja, akikataa kabisa jiulize kwa nini. Ingiza tochi ya simu ndani, faiba ya kweli ndani iko chakaramchakara unaziona zile nyuzi za kioo, mbao iliyopigwa rangi utaona vipande vyake. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole kuzunguka mwili mzima, shuka nchi kwa nchi, mlio uwe mmoja. Pakisikika pamekufa, pafu pafu, hapo ndani tabaka zimeachana au pamewahi kupasuka pakafunikwa rangi. Mdomo wake uliokaa ngozi uupime, ukishavua ngozi pindua tumba juu ya meza ya kioo au marumaru, mulika kwa ndani, mwanga ukichungulia sehemu moja ujue haujakaa sawa na ngozi haitakaa sauti moja hata ufanyeje.

MzeeWaBolero

Marahaba kijana. Quinto amesema vizuri, mimi naongeza machache.

Tumba zilizokuwa zinapigwa zamani ngozi ilikuwa inagongomewa misumari, haina nati wala nini. Ikilegea unawasha makaratasi au makuti makavu nyuma ya jukwaa unaipasha taratibu, unaigonga kidogo, unaisikiliza, unaipasha tena. Hata kule Cuba zilikotoka walikuwa wanapasha moto hivyo hivyo kabla ya vyuma vya kukazia kuja. Nasema hivi ili ujue suala la hali ya hewa ni la tangu enzi, na dawa yake kubwa ilikuwa mpigaji mwenyewe kuijua ngozi yake. Vijana wa sasa wanakaza wanasahau, tumba inalala imekazwa usiku kucha, asubuhi jua linaipata hapo hapo. Ukimaliza kupiga legeza kila nati mzunguko mmoja au mmoja na nusu, zote sawasawa, usiiache imevutwa. Ukifanya hivyo hata hiyo ya mbao ingekaa miaka.

Na hiyo ya mbao usiiuze kwa hasira. Maungio yaliyoachia fundi seremala mzuri anayarudisha, anasafisha gundi ya zamani, anapaka mpya, anaifunga kwa mikanda ya kubana mpaka ikauke. Iweke nyumbani, siku ya kurekodi ndio itoke. Ukisikiliza kazi za NUTA Jazz iliyoanza 1964, ukaja kwa Mlimani Park iliyoanza 1978, utaona tumba ya dansi inakaa chini ya gitaa la ridhimu na juu ya besi, haichomozi, inabeba. Mbao inabeba vizuri zaidi. Lakini kwa meli na mabasi na mvua nakubaliana naye Quinto kabisa, chukua faiba.

Angalizo moja tu, kila muuza vyombo ni mwamba ngoma, ngozi anavutia kwake, kwa hiyo mwenda kuziona asiende peke yake.

FundiBoti_Mtwapa

Salaam aleikum. Mie si mpigaji, mie ni fundi wa maboti ya faiba huku Mtwapa, lakini nimeletewa tumba za mahoteli kutengeneza kwa hivyo naomba niongee juu ya hiyo faiba yenyewe na vyuma, maana hapo ndipo ninapokula.

Faiba ni kitu kigumu, boti inakaa majini mwaka mzima. Maadui zake ni wawili, kugongwa na jua. Ikigongwa haibonyei kama bati, inapasuka. Kuna nyufa za juu juu, nyembamba zimetawanyika toka sehemu moja, hizo ziko kwenye ile ngozi ya nje inayong'aa tunaiita jelikoti, hazina neno, ni urembo tu umeharibika. Nyufa ya pili ni ile ukiangalia kwa ndani nayo iko. Hiyo ni ya kutengenezwa kabla ya kupigwa tena. Jua nalo likiipiga kila siku ile jelikoti inafifia inatoa unga mweupe ukipitisha kidole. Tumba haistahili kuachwa nje kando ya bwawa la kuogelea mchana kutwa, na nimeziona nyingi tu zimeachwa.

Pa kuangalia sana ni pale vyuma vya kukazia vinapofungwa kwenye mwili. Pale ndipo nguvu yote ya ngozi inapovuta. Kwa ndani pawe na kipande cha chuma nyuma ya bolti au pamezidishwa mati (ile mikeka ya nyuzi za kioo), pasiwe ni washa ndogo peke yake. Ukiona tundu la bolti limekuwa refu, si duara tena, ujue limekuwa likivutwa siku nyingi.

Kuhusu kutu, bahari haina huruma. Kromu ikishapata tobo dogo chuma kinaoza chini yake kimya kimya. Mwambie mpigaji akitoka ufukweni apanguse vyuma vyote kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, akaushe, kisha apitishe mafuta kidogo. Nyuzi za bolti azipake grisi, kila msimu azifungue azisafishe apake upya. Nati na bolti za kushikia mabamba mwilini unaweza kubadilisha ukaweka za stenlesi, duka lolote la vifaa vya boti utazipata. Lakini sikiza, stenlesi juu ya stenlesi bila grisi inang'atana, ukikaza kwa nguvu inaganda hapo hapo na hufungui tena ila kwa msumeno. Zile ndefu zenye kulabu za kukazia ngozi hizo hazipatikani dukani, labda karakana wanaokereza vyuma wakuchongee, ama uagize za kampuni yake.

Upendo_Makambako

Habarini za humu. Mimi napiga kanisani, huku kwetu nyanda za juu Juni na Julai ni baridi na ukungu mpaka saa nne asubuhi, kwaya ikisafiri kwenda Dar kwenye matamasha ni hali nyingine kabisa. Sisi tuliamua kuachana na ngozi ya ng'ombe tukaweka za plastiki, naona hapa hakuna aliyezitaja.

Remo wanazo zinaitwa Fiberskyn na Nuskyn, Evans nao wanazo. Hazinywi maji, ukiikaza asubuhi ibada ya pili unaikuta pale pale. Ukichanganya kiwiliwili cha faiba na ngozi ya plastiki hapo ndio umepata tumba ambayo hali ya hewa haiigusi sana. Sauti inapungua ile nyama kidogo na mwanzoni viganja vinaiona ngumu, lakini kwa mtu anayepanda meli leo kesho yuko Dodoma mimi ningeshauri hivyo bila kusita. Kaka yangu mmoja tunapiga naye yeye kubwa ameweka plastiki na ya kati ameacha ya ng'ombe, maana slapu anaipenda kwenye ngozi halisi, na inasikika vizuri tu.

Ila muwe makini na hili, ngozi za tumba hazifanani kama za drum za kawaida. Nchi 11 na robo tatu ya kampuni moja inaweza isikae kwenye tumba ya kampuni nyingine, ringi na urefu wa shingo vinatofautiana. Kabla ya kuagiza pima kipenyo cha nje cha mdomo wa tumba na kipenyo cha ndani cha ile ringi ya juu, na utaje kampuni na modeli. Tena kama utabaki na ya ng'ombe basi ukienda kuwambiwa mpya hakikisha fundi anailoweka usiku kucha kwenye maji safi, anaiwamba ikiwa mbichi kwenye ringi yake, na anaiacha ikauke kivulini siku kadhaa bila kukazwa. Wanaoanika juani ili mteja aondoke nayo jioni ngozi inajikunja upande mmoja.

Mtu_wa_Muscat

Mkuu kwa vile umesema ni nyeusi, niseme la huku. Sisi tunapiga harusi za Waswahili hapa Muscat, kiangazi gari ikiachwa juani dakika chache tu ndani hapashikiki, na nyeusi inavuta joto kuliko rangi nyingine yoyote. Kiwiliwili kinavumilia, ngozi ndio inapasuka, imekauka na imekazwa. Halafu unaingia ukumbini kiyoyozi kimefunguliwa mwisho, hewa kavu ile. Kwa hiyo begi lenye sponji nene ni lazima, si la kuzuia mikwaruzo tu bali la kuchelewesha joto lisiifikie, na tumba ziingie ukumbini mapema zikae nusu saa kabla ya kuzikaza. Ukifika umechelewa ukakaza hapo hapo basi wimbo wa tatu utakuwa unakaza tena mbele ya watu.

Na kule Zanzibar usizifunike kwa nailoni zikiwa stoo, ngozi inaota ukungu. Shuka la pamba linatosha, na ziinue kutoka kwenye sakafu ya saruji.

Kidundo_Tanga

Aisee wakuu asanteni sana, sikutegemea kupata darasa hili lote, na mzee wangu nimekusikia, ya mbao siiuzi, nimeshaongea na seremala.

Nimeenda kuziona leo na gitaa wetu wa solo. Ni ya kati na kubwa, nimepima kwa futi, 11 na robo tatu na 12 na nusu kasoro kidogo sana. Ndani ni chakaramchakara kama alivyosema Quinto, nyuzi zinaonekana. Ya kati iko safi, nimegonga yote mlio mmoja, mdomo tumeuweka kwenye meza ya kioo ya dukani kwake mwanga hauchungulii popote. Kubwa ndio ina neno, nikigonga inakuja vizuri vizuri nikifika chini ya bamba moja la kukazia inalia pafu, kuvua ngozi nikaona ufa kwa ndani, urefu kama wa kidole cha kati, unaanzia kwenye tundu la bolti unashuka chini. Kwa nje upo lakini ni mwembamba, umepakwa rangi juu. Muuzaji anasema hakuujua, nikamwambia sawa, ameshusha bei kidogo. Vyuma vya juu vina kutu ya madoa, nati mbili zilikuwa zimeganda lakini tuliweka mafuta tukanywa chai zikafunguka.

FundiBoti naomba unisaidie hapo, huo ufa unatengenezeka ukadumu au niachane nazo? Quinto na wewe kama una neno.

FundiBoti_Mtwapa

Unatengenezeka kabisa na ukishatengenezwa sawa pale patakuwa na nguvu kushinda pengine pote. Tatizo si ufa, tatizo ni kujua sababu yake. Kwa maelezo yako ilikazwa upande mmoja kuliko pengine, ama ilianguka ikiwa imekazwa. Angalia tundu lenyewe, likiwa bado duara endelea. Likiwa limerefuka lazima lizibwe litobolewe upya.

Kazi yenyewe ni hii, mwambie fundi wa boti yeyote hapo Tanga, wapo. Vua ngozi na vyuma vyote vya upande ule. Ile ncha ya ufa inapoishia toboa katundu kadogo kwa keekee ili usiendelee kutembea. Kwa ndani piga msasa mkali, namba 80, upana wa kiganja kila upande wa ufa mpaka pote pawe pamekwaruzika, pangusa vumbi kisha futa kwa asetoni. Weka mati tabaka tatu, la kwanza dogo, la pili limelizidi, la tatu limeyafunika yote, kila moja lilowe rezini sawasawa na upepo utolewe kwa brashi, usiache mapovu. Hadna (dawa ya kugandisha rezini) asizidishe, asilimia 1 mpaka 2 ya rezini, na kwa joto la pwani akae karibu na 1, ikizidi inachemka inakauka haraka na inakuwa na nyufa. Siku ya mvua asifanye, unyevu unaiharibu. Na avae barakoa wakati wa msasa, vumbi la kioo si la kuvuta kifuani.

Ikishakauka vizuri, iache mpaka kesho yake, toboa upya tundu la bolti na nyuma yake weka kipande cha bamba la stenlesi lenye upana wa vidole vitatu, kilichopindwa kufuata umbo la mwili. Ukiweza weka bamba kama hilo kwenye sehemu zote za kukazia za hiyo kubwa, si pale tu. Kwa nje jaza ufa, msasa laini, rangi. Ile rangi ndiyo ya mwisho kabisa, wengi wanaanza nayo.

Quinto_Kinondoni

Mimi ningezichukua, ila si kwa hiyo bei ya "kushusha kidogo". Nenda kwanza kwa fundi wa boti na picha za ufa, akutajie gharama ya kazi na vifaa, ongeza gharama ya ngozi moja ya plastiki ya hiyo kubwa kama alivyoshauri dada Upendo, jumla hiyo ndiyo unayomwambia muuzaji aitoe. Ya kati ikiwa safi kiasi hicho ina thamani peke yake, asipokubali muulize akuuzie hiyo tu.

Ukizipata, kubwa ikitoka kwa fundi usiikaze mpaka juu siku ya kwanza. Panda nayo polepole, nati moja robo mzunguko, unaruka kwenda ya upande wa pili, robo tena, mpaka umezunguka zote, halafu unaiacha ilale hivyo. Kesho yake unaongeza. Na kabla hujaenda nayo Zanzibar ipige mazoezini wiki kadhaa huku unagonga pale palipotengenezwa, ule mlio wa pafu usiporudi ipandishe meli.